Fungu la Dada

Watu wakizungumzia wivu hudhani lazima pawe na mwanamume katikati. Mimi nimeolewa, nimeyaona ya ndoa, na hakuna mwanamke niliyewahi kumwonea wivu juu ya mume wangu kama nilivyomwonea nesi mmoja wa Kimarekani juu ya bibi yangu. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya misheni kule Iramba, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Sasa nina wajukuu wakubwa, na nikimkumbuka yule mama bado roho inaniuma.

Kwanza nieleze nilikuwa nani nyumbani kwetu, maana bila hivyo mtu ataona nalilia upuuzi. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa na dada yake aliyemtangulia kuzaliwa. Wakiwa wasichana, kabla Mjerumani hajajenga boma lake Mkalama, walikwenda pamoja na wanawake wa kijiji kuchota chumvi katika mbuga ya Wembere. Msafara wa wafanyabiashara wa pembe ukapita. Bibi alikuwa amejitenga kidogo kwenye nyasi kwa haja yake. Aliporudi alikuta vikapu vimepinduliwa, chumvi imemwagika, na dada yake hayupo. Wanaume waliufuata msafara mpaka walipoona njia ya kwenda Tabora, wakahesabu bunduki za wale wafanyabiashara, wakarudi mikono mitupu.

Bibi hakuwahi kumlilia kama mtu aliyekufa. Mwingereza alipotangaza kwamba katika Tanganyika hakuna mtumwa tena, bibi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alifunga mzigo akatembea mpaka Itigi kwenye reli. Alikaa kwa ndugu wa mbali, kila gari moshi likija anakwenda stesheni kuangalia wanaoshuka. Aliwaza kwamba kama watumwa wote wameachiwa, basi watarudi makwao, na mtu wa kwao atashukia hapo. Alirudi nyumbani mvua zilipoanza kwa sababu shamba lilikuwa linamngoja.

Mimi nilipozaliwa nilipewa jina la aliyepotea. Kwetu anayepewa jina hupewa na nafasi. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni bibi hakuniita mjukuu, aliniita dada. Asubuhi yeye ndiye aliyeniamkia shikamoo, kikongwe mwenye mvi, nami niliitika marahaba bila aibu yoyote. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, aliniita mama mkubwa kwa utani, lakini mbele ya bibi aliusema utani huo kwa adabu.

Na kulikuwa na fungu la dada. Kila mavuno, uwele mpya ukishasagwa, bibi alisonga kwanza ugali mdogo wa peke yake, akauweka kwenye bakuli la mti pamoja na mlenda na nyama ya kuku, hadi firigisi, ambayo katika nyumba za watu wengine ni ya baba mwenye nyumba. Zamani chakula hicho kiliwekwa juu ya kihenge cha nafaka mpaka kikauka. Nilipoota meno nikaanza kukila mimi. Ndugu zangu walikaa wakinimezea mate, nami nilikula polepole makusudi.

Faida ya cheo changu haikuwa firigisi tu. Baba alikuwa amekwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga na hatukumwona tena, kwa hiyo mimi na mama tulikuwa chini ya baba mkubwa. Nilipoanza kuota matiti akapatikana mtu mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Baba mkubwa aliwataka wale ng'ombe amwozee mwanawe wa kwanza mke. Bibi akamwambia mbele ya watu, "Dada yangu alichukuliwa bila mimi kuulizwa. Safari hii mtaniuliza. Na huyu ni mkubwa wangu, kwa hiyo mwulizeni kwanza yeye mwenyewe." Hakuna aliyekuja kuniuliza. Ndiyo maana nilikuwa darasa la sita wakati wenzangu wa rika langu walikuwa na watoto mgongoni.

Basi nesi akaja. Alikuja na gari la hospitali ya misheni pamoja na wazungu wawili, naye alikuwa mweusi kama sisi. Amevaa soksi na kofia, anazungumza na wale wazungu kama mtu na ndugu zake, anacheka nao. Watoto walimwita mzungu mweusi. Mzee mmoja alishikilia kwamba ni mtoto wa mfalme. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda aliyejua kila kitu, akasema ni Mwamerika, na kule Amerika wapo weusi wengi kuliko watu wa Singida yote. Alipoulizwa walifikaje huko akajifanya ana kazi.

Nesi alikuwa amesomea Kiswahili kwa miezi, akikisema kwa uangalifu, neno moja moja. Jumapili ya pili mzee wa kanisa, baada ya matangazo ya michango na ndoa, akamwomba asimame atueleze habari za kwao. Nilikuwa nimekaa na bibi upande wa wanawake. Nasema wazi kwamba mpaka hapo nilimpenda. Nilipenda viatu vyake.

Alisema kwamba watu wa kwao hawakwenda Amerika kwa hiari. Walinunuliwa, wakafungwa, wakavushwa bahari, wakalimishwa pamba bila ujira, wao na watoto wao na watoto wa watoto wao. Mtumwa aliyeonekana anasoma alipigwa. Mama angeweza kuuzwa huku mtoto akiuzwa kule, siku moja, sokoni. Akasema walikuwako watu walioukataa utumwa, weusi waliokwisha kujikomboa na wazungu baadhi. Walisimama kwenye mikutano wakapigwa mawe. Wanawake walizunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi. Wengine walikataa hata kula sukari iliyolimwa na watumwa. Wengine waliwaficha watoro katika ghala zao na kuwapitisha kwenda nchi ya kaskazini. Mwishowe wazungu wakapigana vita wenyewe kwa wenyewe, na utumwa ukafutwa. Tulikuwa tunajua habari za watumwa, wako wazee waliozikumbuka, lakini hatukuwa tumesikia kwamba watu walipigana kwa ajili yao.

Kisha akasema habari ya bibi wa mama yake. Bibi huyo alikuwa na mdogo wake, wakatenganishwa wakiwa wasichana. Uhuru ulipokuja alizunguka akimtafuta. Wakati huo, alisema nesi, watu wengi walikuwa wanatafutana, na makanisani yalisomwa matangazo: fulani anamtafuta mama yake, fulani anamtafuta mwanawe, mwenye habari aseme. Tangazo la bibi huyo lilisomwa miaka mingi katika makanisa mengi. Anamtafuta mdogo wake wa kike. Alikufa bila mtu yeyote kuitikia.

Bibi yangu alisimama. Sikumzuia kwa sababu nilidhani anataka kutoka nje. Akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu matangazo ya mchango, "Mimi ndiye mdogo wake. Nipo."

Dresa alitafsiri kabla hajafikiri. Nesi akaweka mkono kinywani. Halafu akashuka, akapita katikati ya mabenchi, na bibi yangu, ambaye hakuwahi kukumbatia hata wanawe, akamkumbatia yule mgeni na kumwita dada. Kanisa zima likalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesukumwa hadi mwisho wa benchi, nikiangalia mgongo wa bibi.

Siku ileile baba mkubwa alichinja mbuzi. Alimwamkia nesi shikamoo mama mkubwa, safari hii bila utani wowote, akijua vizuri kwamba mtu mwenye mama mkubwa hospitali hasimami foleni. Majirani walikuja kumwangalia. Walimkagua masikio, walimkagua vidole vya miguu, wakasema ndiyo, ni wa ukoo huu, hata kisigino ni chenyewe. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jioni bibi alinitazama nikiwa nimesimama na mtungi, akasema, "Mjukuu wangu, mletee dada maji anawe."

Mjukuu wangu. Tangu nizaliwe hakuwahi kunitamkia neno hilo. Nilileta maji. Nilimmiminia nesi mikononi, naye akasema asante sana kwa Kiswahili chake cha kitabuni, na nilitamani maji yale yangekuwa ya moto.

Kuanzia hapo alikuja kila alipopata nafasi. Bibi alimfundisha kusonga ugali, naye alisonga vibaya, madonge matupu, na bibi akayasifu madonge. Mimi nikikosea kidogo nilikuwa naambiwa nitaachika. Bibi alimsimulia mambo ya utoto wao. "Unakumbuka yule mbwa?" alimwuliza, na nesi akatabasamu, akamshika mkono. Habari ya yule mbwa nilikuwa naijua mimi. Nilikuwa nimesimuliwa mara nyingi, kwa jina langu, kana kwamba nilikuwapo. Nikaacha kuitika asubuhi, na bibi hakugundua, kwa sababu alikuwa ameacha kuniamkia.

Shuleni pia alinipora. Alikuja mchana kutufundisha usafi, na wasichana wakamwomba asimulie tena habari za watoro na ghala. Zamani wasichana haohao walikuwa wakinizunguka mimi, niwasimulie habari ya Wembere. Sasa Wembere ilikuwa karibu mno, kila mtu aliwahi kufika.

Ukutani mwa darasa letu palikuwa na ramani ya dunia. Siku moja niliitazama kwa chuki na nikaona jambo. Amerika ilikuwa upande wa machweo, na watu waliopelekwa huko walitoka pwani ya machweo. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba watu wa kwetu walipelekwa upande wa pili, Bagamoyo, Unguja, na mbele zaidi Arabuni. Na kama utumwa wa Amerika ulifutwa zamani zile alizosema, bibi yangu hakuwa hata amezaliwa. Bahari haikukubali na miaka haikukubali. Nilifurahi kuliko siku nilipofaulu darasa la nne.

Nilikimbia nyumbani nikamkuta bibi anapepeta uwele. Nikamweleza yote, Pwani, Unguja, machweo, macheo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Waliomchukua," aliniuliza, "waliacha habari kwamba wanampeleka wapi?"

"Hapana, bibi."

"Basi wewe umejuaje?" Akaendelea kupepeta.

Nikaona nimfuate mwenyewe. Nilimkuta nesi nyuma ya hospitali akianika bandeji zilizofuliwa. Sikumwamkia. Nilichukua kijiti nikachora chini bara letu, bahari mbili, na Amerika yake. Nikamwonyesha. "Wewe si wa kwetu," nikamwambia. "Ninyi mlitoka huku. Sisi tulipelekwa kule."

Aliutazama mchoro. "Ndiyo," akasema. "Nilijua. Nilijua siku ileile, kanisani."

"Kwa nini hukusema?"

Aliinyoosha bandeji aliyokuwa ameishika. "Lile tangazo lilisomwa miaka mingi sana. Bibi yako ni mtu wa kwanza kuitikia. Wewe ungemwambia akae chini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kabla sijasema akaniuliza kama namjua mama wa bibi yangu, jina lake. Nikalitaja. Na mama wa huyo? Nikalitaja. Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu ukoo kama anavyofundishwa kuhesabu ng'ombe, na mimi nilikuwa hodari. Nilipanda ngazi baada ya ngazi, wanawake kwanza kisha wanaume, nani alizaliwa wapi, nani alihama kwa njaa gani. Yeye aliacha bandeji zikaangukia vumbini. Alinisikiliza macho yamemtoka. Nilipomaliza akasema kwamba yeye akimpita bibi wa mama yake hakuna kitu, kuna jina la mtu aliyewanunua, basi.

Nikaona kwamba ananionea wivu. Mtu mzima, mwenye soksi, mwenye mshahara, ananitazama kama ndugu zangu walivyokuwa wanalitazama lile bakuli. Niseme kwamba nilimhurumia? Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo.

Furaha hiyo haikudumu, maana baba mkubwa naye alikuwa ametafakari mambo yake. Kama dada amerudi, alimwambia mama, basi huyu mtoto hana tena cheo chochote. Ni binti kama mabinti wengine. Mwenye ng'ombe alikuwa bado anangoja, na baada ya mavuno angeleta. Mama alilia akipika, lakini hakuwa na sauti. Nilikwenda kwa bibi, nikamkuta anamsuka nesi nywele. Nikageuka nikatoka. Heri niozwe kwa mtu mwenye wake wawili kuliko kumwomba kitu bibi mbele ya yule.

Mavuno yakafika. Siku ya uwele mpya tulikaa wote mbele ya tembe, wanaume upande wao, wanawake na watoto upande wetu, na nesi kwenye kigoda karibu na bibi. Bibi alisonga ule ugali mdogo kwa mikono yake. Alipanga bakuli, akatia mlenda, akatia kuku. Nilijua bakuli linakokwenda, na bado mdomo wangu ulijaa mate. Alimpa nesi kwa mikono miwili.

Kabla hajala, baba mkubwa akakohoa. Akasema leo ni siku njema, aliyepotea amerudi, nyumba imejaa. Akasema kwa kuwa dada mwenyewe yupo, lile neno la kumwuliza mtoto limekwisha, na ng'ombe watafika wiki hii. Alisema haraka, kwa Kinyiramba, akiangalia moto.

Bibi alikuwa anafuta mwiko. "Niliwaambia mniulize mimi na mkubwa wangu," alisema. "Mimi nasubiri mkubwa wangu aseme. Huyu hapa. Mwulizeni."

Baba mkubwa alitabasamu. Aliona amepona, kwa kuwa mgeni hajui lolote. Dresa, aliyekuwa amealikwa kwa ajili ya ulimi wake, akamweleza nesi jambo zima, ng'ombe, mume, wake wawili. Nesi aliniangalia. Alijua vizuri ninamwona vipi.

"Je, wewe unataka?" akaniuliza.

Kila mtu alinisubiri, nami nilikuwa nimekaa nimeuma meno, kwa sababu kusema kulikuwa ni kukubali kwamba yeye ndiye wa kuulizwa. Mama akanifinya pajani kwa nguvu ya ajabu.

"Sitaki."

"Basi," nesi akasema, "ng'ombe wasije. Huyu atasoma."

"Mama mkubwa," baba mkubwa akaanza, "wewe desturi zetu bado hujazijua."

"Azijue asizijue," bibi akamkata, "ni mkubwa wako. Asubuhi umemwamkia shikamoo, na watu wamesikia."

Baba mkubwa alikuwa amejifunga kwa kamba aliyoisuka mwenyewe, na wanaume wenzake walikuwa wanachekea ndani ya vikombe vya togwa. Hivyo ndivyo nilivyopona. Neno lililoniponya ni lile lililokuwa langu, na mdomo uliolisema ulikuwa wa mwingine. Hata hilo nililionea wivu.

Nesi akalisukuma bakuli kwangu. "Ale mtoto."

Bibi alilirudisha. "Mtoto hana njaa. Wewe ndiye umetoka mbali." Na yule mama akala. Alikula ugali wote na mlenda wote, machozi yakimdondokea mle ndani, akala na firigisi. Mla, mla leo. Mla jana kala nini?

Aliondoka kabla ya Uhuru, mama yake alipougua huko kwao. Baba mkubwa hakuthubutu kulifungua tena lile neno la ng'ombe, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa amekataa, na mkubwa akiwa safarini bado ni mkubwa. Nilimaliza darasa la nane, nikaenda kusomea ualimu. Niliposikia kwamba nesi ameondoka nilirudi likizo nikiwa na hakika mambo yatakuwa kama zamani. Asubuhi nilijitokeza mlangoni kwa bibi nikasimama, nikimpa nafasi aniamkie. Akasema, "Mjukuu wangu, umerudi? Chota maji."

Miaka michache baadaye alilala kitandani asiamke tena. Nilikuwa mwalimu tayari, nikaomba ruhusa nikaja kumwuguza. Nilimwosha, nilimlisha uji, nilimgeuza ubavu. Mchana mmoja, jua linaingia mlangoni, alifumbua macho akaita, "Dada."

"Abee," nikaitika upesi, kabla mtu mwingine hajaitika, ingawa chumbani tulikuwa wawili.

Aligeuza uso akanitazama, na akili zake zilikuwa timamu kabisa. "Si wewe," akasema kwa upole. "Wewe hujawahi kupotea."

Akafumba macho, akaendelea kuita. Nilikaa pale kando ya kitanda, nimeushika mkono wake, na nikamwonea wivu yule aliyekuwa ng'ambo ya bahari.